Uzi: Nimepandisha kasi ya GTX 1650 chini ya mabati ya Kondele, na kadi bado iko hai

#1 Ja_Kondele (Kisumu)

Wadau, habari za usiku. Watu watatu wamenifuata pembeni wakiuliza nilivyoovakloki kadi yangu ya michoro (yaani kuipandisha kasi kupita ya kiwanda), na nimechoka kuandika kitu kilekile kila mara. Nakiweka hapa chote, pamoja na pale nilipoharibu.

Mashine kwanza, ili mtu asinilinganishe na watu wa pesa. Ni OptiPlex 7020 ya mnara, zile za ofisi zinazokuja kutoka Uingereza zikiwa zimeshatumika. Ndani kuna processa ya i5-4590, RAM giga 16, na paua (kisanduku cha kugawa umeme) yake ya kuzaliwa ya wati 290. Kadi ni GTX 1650 yenye memori ya giga 4 aina ya GDDR5, na haina tundu la waya wa umeme. Inakula umeme kutoka kwa sloti (tundu la ubao inapochomekwa) tu, wati 75 basi. Niliinunua mtumba kwa elfu kumi na tatu. Nyumba ni ya mabati bila dari, na aliyewahi kushinda Kondele mchana wa Februari hahitaji kuelezwa zaidi.

Gemu ninayocheza na mdogo wangu ilikuwa inatoa fremu (picha) 52 kwa sekunde, pengine chini. Nilitaka 60. Nikaona video ya kijana mmoja wa ng'ambo akisukuma slaida ya kasi kwenye programu hadi ongezeko la megahezi 200 na kushangilia. Nami nikasukuma hadi 200. Skrini ikawa nyeusi, ikarudi ikiwa na vijinyota vya zambarau, ikawa nyeusi tena. Nilikaa kitandani nikihesabu elfu kumi na tatu zangu.

Kadi haikufa, na nitaeleza kwa nini. Lakini ile siku ndiyo iliyonifundisha kwamba namba ya mtu mwingine haina kazi kwangu. Viini viwili (chipu zenyewe za kadi) vilivyotoka kiwanda kimoja siku moja havilingani. Kimoja kinavumilia, kingine hakivumilii. Halafu yule kijana alikuwa amevaa sweta.

Jambo ambalo sikulijua: kadi hizi zinajiovakloki zenyewe. Kwa karatasi GTX 1650 ya GDDR5 inaanzia megahezi 1,485 na kupanda hadi 1,665. Ukiiangalia ikiwa imepoa utaikuta 1,800 na ushee bila mtu kuigusa. Inapanda yenyewe hadi igonge ukuta mmoja kati ya mitatu: umeme, joto, au volti. Kwa hiyo swali la kwanza si "niongeze ngapi", ni "kadi yangu inagonga ukuta gani". Pakua programu ya GPU-Z, ni ya bure, fungua sehemu ya vipimo, angalia mstari ulioandikwa PerfCap Reason wakati gemu inaendelea. Ikiandika Thrm ni joto. Pwr ni umeme. VRel ni volti.

Yangu ilikuwa inaandika Thrm saa nane mchana. Nyuzi 83, kloki (kasi ya kiini) imeshuka hadi 1,620. Yaani nilikuwa naongeza kasi kwa kadi ambayo ilikuwa inajipunguza ili isipikike. Ni kama kumchapa punda aliyelala chini.

Basi wiki nzima sikugusa slaida hata moja. Nilisafisha. Na hapa ndipo nilipoharibu mara ya pili: sikuwa na blowa, nikapeleka kadi kwa jamaa wa pancha pale barabarani aipulizie kwa kompresa ya matairi. Upepo ule ni mkali, na unatoka na maji. Feni ikazunguka kama panga la helikopta, ubawa mmoja ukakatika, na matone yakaingia kwenye mapezi ya kupozea. Nikaianika siku mbili na kununua feni nyingine. Kwa hivyo, brashi laini ya rangi, feni ishikwe kwa kidole isizunguke, na uvumilivu. Ndani nilitoa vumbi na vile vidudu vya ziwa vilivyokauka, vinavyoingia kwa makundi ukiacha taa na dirisha wazi. Kisha nikafungua skrubu nne, nikafuta pesti ya zamani ya kupitisha joto iliyokuwa ngumu kama ugali wa jana, nikaweka mpya, tone dogo katikati.

Matokeo: saa nane ileile, gemu ileile, nyuzi 71, kloki 1,785. Fremu 54. Slaida bado ziko sifuri.

Nitaendelea kesho, tokeni inaisha.

#2 Mulamwa_Kakamega

Ja_Kondele, shemeji yangu, usitukatie utamu hapo. Mimi nina RX 580 ya giga 8 niliyonunua kwa jamaa mtandaoni. Inafika nyuzi 82 na kelele zake mke wangu anasema tuna posho mill sebuleni. Swali langu la kwanza: ikiungua, nani analipa?

#3 Nyar_Nam (Kisumu, fundi)

Mulamwa, analipa aliyeunguza. Kadi za mtumba hazina warantii ya kuvunja, kwa hivyo hilo liweke kando.

Wacha niseme kinachoua kadi, kwa maana ninazifungua kila wiki. Slaida ya kloki yenyewe ni vigumu iue kadi ya miaka hii. Ukizidisha, kadi inagoma, draiva (programu inayoiendesha) inajianzisha upya, unaona nyeusi sekunde mbili tatu, mambo yanarudi. Tena yale uliyoongeza hayaandikwi ndani ya kadi. Yako kwa programu tu. Ukizima na kuwasha mashine yanafutika, isipokuwa kama mwenyewe umeweka alama yajirudie kila ikiwaka. Na volti imefungwa na kiwanda. Hata ukifungua slaida yake unapewa kijiko kidogo tu. Ndiyo sababu kadi ya Ja_Kondele ilifufuka.

Wauaji ninaowaona mezani ni wengine. Joto la miaka. Kubadilisha BIOS ya kadi (programu iliyoandikwa ndani yake) bila kujua unachofanya. Na paua. Paua, paua, paua. Mtu ananiletea kitu kimeandikwa wati 500 na ukikibeba ni chepesi kama sufuria tupu. Halafu kadi inataka waya wa pini 6, paua haina, ananunua kile kiunganishi kinachotoka kwa waya wa SATA, wa diski. Sikilizeni: tundu la SATA limepimwa kubeba ampea 4.5 kwa volti 12, yaani wati 54. Tundu la pini 6 lina ruhusa ya kuvuta 75. Fanya hesabu mwenyewe. Juzi nimetoa kimoja kimeyeyuka kikashikana na plastiki ya kadi, mwenyewe ananiambia "dada, kulikuwa na harufu kidogo tu."

Harufu kidogo!

Ukiwa na kadi ya sloti tupu kama 1650, paua ya ofisi inatosha. Processa ile ya i5-4590 imepimwa wati 84, kadi 75, jumla 159 na vingine vidogo. 290 inabeba bila shida. Angalieni tu zile kompyuta nyembamba kabisa za ofisi, kuna ambazo sloti yake haipewi wati 75 zote. Soma kijitabu cha modeli yako kabla ya kununua kadi.

#4 Ja_Kondele

Asante dada. Hiyo ya SATA sikuijua na nilikuwa nacho kiunganishi kwa droo. Nimekitupa.

Naendelea.

Programu niliyotumia ni MSI Afterburner. Inafanya kazi hata kama kadi yako si ya MSI. Ichukue kwa tovuti ya MSI yenyewe au Guru3D, kwa sababu kuna kurasa feki zenye jina karibu sawa zinazokupa virusi pamoja na programu. Inakuja na RivaTuner, na hiyo ndiyo inayokuandikia joto, kloki na fremu kwenye kona ya skrini ukicheza. Ikubali, bila hiyo unaendesha gari bila dashibodi.

Jambo la kwanza ni kupima ukiwa hujagusa kitu. Nilitumia Unigine Heaven, programu ya kupima kadi, ni ya bure. Niliizungusha mara tatu nikaandika alama, joto la juu, na kloki kwa daftari. Daftari la karatasi, kwa maana stima ikipotea katikati, faili inapotea nayo.

Kisha angalia kama kadi kweli ndiyo inayokuchelewesha. Kwa kona ile ya skrini, matumizi ya kadi yakiwa asilimia 97 hadi 99, sawa, kadi ndiyo imeelemewa. Yakiwa 60 huku processa imejaa 100, funga Afterburner ulale. Utapandisha kasi ya kadi na fremu hazitaongezeka hata moja. Kwa mimi na i5 yangu, kuna gemu mbili ambazo ziko hivyo, na hizo nimekubali zilivyo.

Sasa slaida. Kikomo cha nguvu kwangu hakipandi kupita 100, kwa sababu kadi za sloti tupu mara nyingi zimefungwa hapo. Si kasoro. Slaida ya Core Clock (kasi ya kiini) nikaongeza 30. Heaven dakika kumi. Hakuna kitu. 60. Hakuna kitu. 90. Sawa. 120. Sawa. 135, sawa. 150, dakika ya saba nikaona kijidoa cha kijani juu ya paa la nyumba iliyo ndani ya Heaven, kikapotea. Hicho kijidoa ndicho ishara. Usingoje cha pili. 165 ikazima kabisa. Nikarudi 120, si 135, kwa sababu nataka kulala.

Memori niliifanya siku nyingine, Core ikiwa imerudi sifuri. Ukipandisha vyote pamoja na mashine ikagoma, hutajua mkosaji ni nani. Nilipanda kwa 100. Kwa 400 alama ziliongezeka vizuri. Hapo kasi inatoka giga 8 hadi 8.8 kwa kila pini, na upitishaji wote kutoka gigabaiti 128 kwa sekunde hadi karibu 141. Kwa 600 hakukuwa na doa, hakukuwa na kuzima, nikafurahi. Kumbe alama zimeshuka chini ya zile za 400! Nilirudia mara nne nikidhani nimesoma vibaya. Mwenye kujua atueleze.

#5 Mwalimu_Fizikia (Kakamega)

Ndugu Ja_Kondele, umelieleza vizuri na swali lako lina jibu. Memori ya GDDR5 hukagua data inapopita kati yake na kiini. Data ikifika ikiwa na kosa, inatumwa tena. Kwa hiyo ukizidisha kasi kidogo, makosa yanaanza, yanasahihishwa kimyakimya, na muda unapotea katika kutuma upya. Skrini iko safi, lakini kazi imepungua. Ndiyo maana memori haipimwi kwa macho bali kwa alama. Pale alama zinapoanza kushuka umeshapita kikomo. Rudi nyuma hatua mbili.

Nawaomba pia mtazame upande wa pili wa jambo hili, kwa kuwa wengi hapa tatizo letu ni joto. Umeme unaoliwa na kiini unaendana na kasi, na unaendana na volti *mara volti*. Punguza volti kutoka 1.05 hadi 0.95 na uache kasi ileile: 0.95 gawanya kwa 1.05, kisha mraba, ni kama 0.82. Umeokoa karibu asilimia 18 ya nguvu ile bila kupoteza megahezi hata moja, iwapo kiini chako kitakubali. Viini vingi hukubali, kwa sababu kiwanda huweka volti ya kumtosha hata yule dhaifu wa kundi.

Katika Afterburner bonyeza Ctrl na F. Utaona mchoro wa nukta: volti chini, kasi pembeni. Chagua nukta ya milivolti 900 au 925, ipandishe hadi kasi unayoitaka, zile za kulia kwake zishushe chini yake, kisha bonyeza alama ya kukubali. Zile za kulia zitanyooka zikae sawa nayo. Kadi haitavuka volti hiyo tena.

Kwa kadi iliyofungwa wati 75, kama ya Ja_Kondele, faida ni maradufu. Wati ulizookoa kwenye volti zinatumika na kadi yenyewe kupanda kasi.

#6 Nax_Section58 (Nakuru)

Nyinyi watu wa ziwa poleni. Hapa Nakuru usiku nafungua dirisha na kadi inapoa bila feni kupiga kelele. Mimi nina GTX 1050 Ti na nimeongeza 180 kwa Core. Baridi ndiyo kupozea kwa bure.

#7 Mwalimu_Fizikia

Nax, baridi ni kweli, ila usijisifu sana. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850. Hewa yenu ni nyepesi, shinikizo lake limepungua kama asilimia 8 kuliko la Kisumu, na feni inayosukuma hewa nyepesi inabeba joto kidogo kuliko inayosukuma hewa nzito. Bado mnatushinda kwa sababu ya nyuzi za joto la nje, lakini si kwa kiasi mnachodhani.

#8 Nyar_Nam

Na vumbi je, Nax? Mashine zinazotoka Nakuru nikizifungua naweza kupanda mahindi ndani. 😂

#9 Nax_Section58

Dada umenimaliza. Ni kweli, kila miezi miwili lazima nisafishe.

Lakini wacha nitoe ushuhuda, maana mnaongea BIOS juujuu. Kabla ya hii 1050 Ti nilikuwa na RX 570. Nikasoma mahali kwamba ukiweka BIOS ya 580 inakuwa 580. Nikaweka. Ikawa jiwe. Kilichoniokoa ni kaswichi kadogo kwenye ubavu wa kadi. Modeli zingine zina BIOS mbili, unaihamisha kaswichi inawaka na ile ya pili, kisha unarudisha ya kwanza. Yako haina kaswichi? Basi usijaribu kabisa. Baadaye niliiuza, nikamwambia mnunuzi ukweli wote, akapunguza elfu mbili. Haki yake.

#10 Toto_wa_Bungoma

wasee na mimi nina laptopu ya GTX 1650 naeza fanya hii kitu?

#11 Nyar_Nam

Toto, laptopu usiongeze. Processa na kadi zinagawana mabomba yaleyale ya kupozea na chaja ileile. Isafishe, badilisha pesti, inua nyuma kwa vifuniko viwili vya soda hewa ipite chini. Ukitaka kugusa kitu, punguza volti kama Mwalimu alivyosema. Basi.

#12 Toto_wa_Bungoma

vifuniko vya soda 😅 sawa dada

#13 Mzee_Ahero

Vijana, mimi kijana wangu ndiye anayecheza. Mimi ninalipa stima. Nimesoma kutoka juu hadi hapa na nina maswali mawili. Hii kitu itaniongezea gharama kiasi gani? Na hizo taabu zote, kufungua skrubu, kukesha na daftari, ni kwa ajili ya fremu tano?

#14 Ja_Kondele

Mzee wangu, karibu sana. Kwa stima: kadi ya wati 75 ikichezwa saa nne inakula yuniti 0.3. Yangu haiwezi kupita 75 hata nikiipandisha, imefungwa, kwa hiyo kwako haitabadilika. RX 570 kama ile aliyokuwa nayo Nax ni wati 150 na inakula mara mbili ya hapo. Hizo zikisukumwa zinaweza kuzidi, kwa kuwa kikomo chao kinafunguka.

Kwa swali la pili umenishika. Kwa kweli kushusha vivuli kutoka ngazi ya juu kabisa hadi ya kati kulinipa fremu tisa kwa kubonyeza mara moja. Ovakloki yote, Core na memori, imenitoa 54 hadi 58. Kama fremu tu ndizo shida, mwambie kijana ashushe vivuli, hata macho yake hayataona tofauti akiwa anakimbia. Mimi nilifanya kwa sababu napenda kujua kitu changu kinaishia wapi.

#15 Mzee_Ahero

Jibu la mtu mkweli. Nilikuwa hivyo na injini ya pampu ya shamba la mpunga. Endeleeni.

#16 Mulamwa_Kakamega

Wadau nimerudi, na nina habari mbaya na nzuri. Nilifungua GPU-Z kama mlivyosema. Pale pameandikwa Shaders (vitengo vya kuchora vya kadi), nimepata 2048. RX 580 ninayosoma kwa mitandao ina 2304. Nimeibiwa?

#17 Nax_Section58

Pole. Hiyo ni 580 2048SP, iliyotengenezwa kwa soko la Uchina. Si feki kwa maana ya feki, ni kadi halali ya AMD, ila kiini chake ni sawa na cha RX 570. Aliyekuuzia kwa bei ya 580 kamili ndiye mwenye dhambi.

Feki zenyewe ni zile GTX 1050 Ti ambazo ndani ni kadi za 2010 au 2011 zimeandikwa jina jipya kwa BIOS. GPU-Z inazitambua na kuweka neno FAKE mbele ya jina. Ukienda kununua kadi mtumba beba GPU-Z kwa flashi, iwashe hapohapo mbele ya muuzaji. Asiyetaka uwashe, muage.

#18 Mwalimu_Fizikia

Kwa Mulamwa tena: kadi za kizazi hicho nyingi zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali, na zilimwagika sokoni Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022. Wachimbaji walikuwa wakibadilisha BIOS ili memori iende kasi zaidi. Ukiongeza kasi juu ya memori ambayo tayari imeongezwa, utapata madoa mara moja ukidhani kadi ni mbovu. Linganisha BIOS yako na ya asili katika hifadhi ya TechPowerUp kabla ya kugusa memori.

#19 Mulamwa_Kakamega

Nimelinganisha, iko ya asili, angalau hapo Mungu amenihurumia. Kwa hiyo nimeacha kabisa mambo ya kuongeza, nimekwenda njia ya Mwalimu. Kadi ni ya AMD kwa hiyo sikuhitaji Afterburner, programu yake ya Adrenalin ina sehemu ya Tuning. Nilikuta volti ya juu ni milivolti 1150. Nikashuka 25, 25, hadi 1050. Kwa 1025 gemu ilizima baada ya nusu saa, nikarudi 1050 na imekaa siku nne.

Nyuzi 82 zimekuwa 73. Kelele imepungua hata mke wangu ameuliza kama nimeuza kompyuta.

#20 Nyar_Nam

Huo ndio ushauri ambao ningempa kila mtu wa huku kwetu kabla ya kitu kingine chochote. Kasi mtafuta baadaye.

Nyongeza moja kuhusu stima, kwa kuwa mvua zimeanza. Ikipotea na kurudi kwa kishindo, usiwe umeacha mashine kwa ukuta ikisubiri. Chomoa. Ukinunua UPS (betri ya dharura), ile ya 650VA si wati 650. Nyingi ni 360 au 390, soma nyuma yake. Inatosha kwa mashine ya Ja_Kondele na skrini, kwa dakika za kuhifadhi na kuzima, si za kumaliza mechi.

#21 Ja_Kondele

Wiki mbili zimepita, nilisema nitaleta mrejesho.

Ile 120 niliyosema imetulia, haikutulia. Majaribio yangu yote niliyafanya usiku, baada ya saa tatu, hewa ikiwa imepoa. Jumamosi iliyopita saa nane na nusu mchana, mdogo wangu akicheza, mabati yakilia kwa joto, ikazima. Ikarudi. Ikazima. Nikasimama pale na daftari langu la fahari, lenye alama za usiku tupu.

Kiini kikipata joto kinahitaji nafasi zaidi. Kilichovumilia kwa nyuzi 66 usiku hakikuvumilia kwa 76 mchana. Nimerudia upimaji wote kwa mchana, saa saba hadi saa kumi, siku tatu, na dirisha limefungwa makusudi. Imekaa kwa 90. Memori nimeiacha 400, alama zake hazikutikisika. Halafu nikajaribu mchoro wa Mwalimu: milivolti 925, megahezi 1,830. Sasa haipiti nyuzi 70 na kloki haichezi juu chini kama zamani. Fremu 57, moja pungufu ya zile nilizojivunia hapo juu, lakini hazirukiruki.

Kuhusu kuweka alama ya kujirudia kila mashine ikiwaka, niliweka jana tu. Wale waliokuwa wamenitangulia, pimeni tena mchana.

#22 Nax_Section58

Nimepima mchana. 180 yangu imekuwa 135. Sitaki mtu aseme kitu.

#23 Mwalimu_Fizikia

Hatusemi, Nax.

#24 Toto_wa_Bungoma

vifuniko vya soda vimeshusha nyuzi 5 kwa laptopu si utani. dada nikikuletea unibadilishie pesti ni pesa ngapi

#25 Nyar_Nam

Njoo Jumamosi asubuhi, kabla ya jua kupanda. Beba chaja, na usiifungue njiani.